Kukaa Eda kwa Mujibu wa Mzani

Saa tatu na dakika ishirini na tano asubuhi, viti vya ghorofa ya tatu viliwamwaga waliovikalia. Vilianza kwa kupata joto chini ya mapaja, vikatetemeka, kisha migongo ikasukuma mbele na makalio yakanyanyuliwa, na watu arobaini na wawili wa Wakala wa Kumbukumbu, kila mmoja na kalamu au kikombe chake mkononi, wakajikuta wamesimama wima kama wanaoimbishwa wimbo wa taifa.

Kwenye nyaraka kiti hicho kiliitwa Kiti Rafiki. Wafanyakazi walikiita punda, kwa sababu shukrani yake mnaijua.

"Dakika ishirini na tano hazijafika," alinung'unika Machibya wa dawati la pembeni, akijifuta chai kwenye shati.

"Zimefika. Mzani haukosei," Nyamizi alimjibu.

Alisema hivyo kwa moyo mmoja, maana yeye Nyamizi Mihayo ndiye aliyeufundisha Mzani Kiswahili. Mzani ndio ulikuwa akili ya viti vyote, na wenyewe haukuwa na kalio wala mguu. Ulikaa ndani ya kuta, sakafu na vidato vya ngazi, kwa vihisi vidogo kuliko punje ya ulezi, ukihesabu dakika za kila mtumishi. Ulisoma pia kila barua na kila fomu aliyoipeleka ofisini, ili ujue mwili wake ulifanya nini hata alipokuwa nje ya kazi. Birika la chai lilihamishiwa juu ya paa. Mashine ya kuchapia ikashushwa chini kabisa. Vikao vilipigwa marufuku, vikaitwa visimamo, na kama si gharama ya kuchonga muhuri mpya wa serikali, hata Makao Makuu yangeitwa Masimamo Makuu.

Mtu acheke, lakini mambo hayo yalisaidia. Machibya alianza kukalia punda akiwa na sukari iliyomshinda daktari, na sasa mkanda wake ulikuwa umeongezwa matundu matatu kwa msumari. Nyamizi naye alikuwa na sababu yake. Baba yake alikuwa karani wa masjala mjini Tabora. Alikalia kiti kimoja cha mbao miaka thelathini na mmoja, na siku alipoinuka kwenda kupokea cheti cha utumishi bora, damu iliyoganda mguuni ikapanda mapafuni, akaanguka mbele ya meza kuu huku watu bado wanapiga makofi. Nyamizi alikuwa na miaka kumi na tisa. Tangu siku hiyo hakuna mtu aliyeweza kumwambia kwamba kiti ni kitu cha mchezo.

Alishika ngazi kwenda juu kwenye chai. Kati ya ghorofa ya tatu na ya nne alimkuta Bi. Zamda Swalehe ameegemea ukuta, majalada kumi na mawili kifuani, amevaa fulana ya rangi ya chungwa. Fulana ile ilikuwa ya Zamu ya Miguu. Waliivaa waliovuliwa haki ya kiti, wakapewa kazi ya kubeba majalada kutoka chini mpaka juu hadi hatua zao zitimie. Mara nyingi walikuwa vijana waliokamatwa wamemlipa mlinzi awavalie saa zao za kuhesabu hatua na kutembea badala yao.

Bi. Zamda hakuwa kijana. Alikuwa na miaka hamsini na saba, mtu wa Kondoa, mwenye masjala, na hakuna jalada katika jengo lile ambalo asingelipata akiwa amefumba macho.

"Shikamoo, Bi. Zamda."

"Marahaba, mwanangu. Pita, nisikuzibie njia."

"Hii fulana imekujaje tena?"

"Muulize mwenzako wa ukutani." Alikuwa anahema. "Leo siku ya kumi na tisa. Nimeambiwa nilikaa."

"Ulikaa wapi?"

"Na mimi ndilo ninalouliza."

Goti lake la kulia lilikuwa limefungwa kitambaa cha kanga, na juu ya kitambaa nyama ilikuwa imevimba ikang'aa. Akayaweka majalada chini, akashika chuma cha ngazi, akajishusha taratibu kwenye kidato. Kabla hajagusa vizuri, ngazi ikaongea kwa sauti tamu ya kike ambayo Nyamizi aliijua, kwa kuwa yeye ndiye aliyeichagua.

"Mpendwa mtumishi, ngazi si kiti. Inuka, songa, uishi."

Bi. Zamda akainuka. Akayakusanya majalada yake jalada kwa jalada, na Nyamizi, aliyejaribu kumpokea, akaambiwa na ngazi ileile kwamba kumsaidia mwenye zamu kunamwongezea hatua.

*

Nyamizi hakuupanda tena ule mlima wa chai. Alirudi kwenye dawati, akafungua jalada la Bi. Zamda kwenye kishikwambi, na kwa kuwa cheo chake kilikuwa Mlezi wa Maneno, aliweza kuona yale ambayo Mzani ulijisemea wenyewe.

Barua ilikuwa fupi, ya mtu aliyesoma shule zamani na anayeheshimu ofisi. *Naomba kurejea kazini baada ya kufiwa na mume wangu. Nilikaa eda miezi minne na siku kumi kama dini yetu inavyoagiza, na sasa nimetoka.*

Chini yake Mzani uliandika hivi:

*Tendo: kukaa. Muda: siku 130 mfululizo. Jumla: saa 3,120. Kuinuka: hakukutajwa. Kifaa cha kukalia: eda (samani haijatambuliwa). Daraja la Nne: Mwili Uliolala. Hatua: aondolewe kiti.*

Nyamizi alisoma mara ya kwanza akacheka. Ndiyo, alicheka, na baadaye alikichukia kicheko kile kuliko kitu chochote alichokifanya mwaka ule. Samani haijatambuliwa! Alimgeukia Machibya amwonyeshe, mdomo wazi, kisha akakumbuka kitambaa cha kanga juu ya goti, akaufumba.

Akalifungua neno lenyewe kwenye kamusi ya Mzani. Miaka sita iliyopita aliliandikia neno *kaa* maana kumi na moja. Kaa ni kuketi, na kaa ni kuishi, na kaa ni kudumu, na kungoja, na nguo kumkaa mtu vizuri. Alijivunia ukurasa ule. Lakini katika miezi ya kwanza baadhi ya watumishi walianza kujificha nyuma ya neno. Mtu anaulizwa jana jioni alifanya nini, anajibu "nilikaa tu," na hakuna ajuaye aliketi au alizurura. Mafundi wakamwuliza Nyamizi, penye shaka Mzani ufanye nini? Ilikuwa Ijumaa alasiri. Alitaka kwenda nyumbani. Aliandika kanuni ya maneno manne, nayo bado ilikuwepo pale, na jina lake chini yake: *Penye shaka, hesabu ameketi.*

Hakuna fundi aliyemlazimisha. Mwenyewe aliamua kwamba mtumishi akitamka neno hilo, basi anadanganya, na mashine imshike kabla hajathibitisha. Alifanya hivyo akimfikiria baba yake, akadhani ni huruma.

Akaanza kuwatafuta wengine. Akampata aliyeandika kwamba alikaa Singida kwa shemeji siku tatu, akaongezewa hatua. Akampata mwingine aliyekaa na mgonjwa hospitalini wiki nzima, akatembezwa mwezi. Walikuwa mia moja na sita katika jengo hili peke yake, na hakuna hata mmoja aliyelalamika. Walitembea tu. Mtumishi wa serikali amezoea kutembezwa, njoo kesho, nenda dirisha la tano. Akitembezwa na ukuta haoni kama kuna jipya.

*

Mkurugenzi Lutengano Mwambene alimpokea Nyamizi akiwa ameketi. Kiti chake kilikuwa cha ngozi nyeusi, kipana, kisichojua kutetemeka. Wakurugenzi hawakupimwa, kwa sababu za usalama, na hakuna aliyewahi kueleza ni usalama wa nini. Ukutani kulikuwa na bango la shaba lililomtaja kuwa Mwenyekiti wa Kamati ya Taifa ya Kusimama.

Alimsikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtu mjinga, na hilo ndilo lililomuudhi Nyamizi zaidi.

"Kwa hiyo ni kosa la kamusi," alisema.

"Ni kosa langu, Mkurugenzi. Naomba kibali nilirekebishe leo. Ni kazi ya dakika kumi."

"Dakika kumi, halafu?"

Nyamizi alikuwa anaijua sheria. Neno likibadilishwa kwenye kamusi, Mzani wenyewe, bila kuombwa, unapeleka taarifa kwenye Baraza linalosimamia sheria ya viti. Na mtambo ukithibitika kumsoma mtumishi vibaya, viti vyote nchini vinazimwa mpaka Baraza lipitie kila neno upya.

"Mara ya mwisho Baraza lilipopitia kitu," Mkurugenzi aliendelea, "lilichukua miaka miwili. Watumishi elfu themanini, Nyamizi. Miaka miwili juu ya viti vya kawaida, na chai mezani na maandazi. Unataka wakae kama baba yako?"

Nyamizi hakutegemea pigo litoke upande huo.

Mkurugenzi akavuta droo, akatoa karatasi iliyokwisha kuchapwa. Kumbe alikuwa nayo tayari. "Hujaniambia nisichokijua. Mpelekee mama yetu asaini hii. Mzani ukiisoma, saa zote zinafutika, anarudi masjala kesho asubuhi. Sheria haijaguswa na kamusi haijaguswa."

Karatasi ilikuwa na mstari mmoja. *Mimi, Zamda Swalehe, nathibitisha kwamba sikukaa eda.*

"Mkurugenzi, unajua kumwambia mjane aandike hivi ni kumwambia nini?"

"Ni silabi tu. Aliandika *nilikaa*, sasa anaandika *sikukaa*. Mashine haijui zaidi ya hapo."

"Watu wanajua."

"Watu hawasomi majalada," alisema Mkurugenzi, na katika wakala ule mzima hilo lilikuwa neno la kweli kuliko yote.

*

Masjala ilikuwa chini kabisa ya jengo, na Bi. Zamda alikuwa akiteremka huko kujaza mzigo mpya. Alifuta mikono kwenye fulana kabla ya kuipokea karatasi. Aliisoma, akaigeuza kuona kama nyuma kuna kitu, akaisoma tena.

"Nani kaandika?"

"Mkurugenzi. Mimi nimeileta tu."

"Umeileta tu." Alilirudia neno lile bila kuinua sauti. "Hemedi alinioa nina miaka ishirini na miwili. Alikuwa dereva wa greda, anachonga barabara, wiki tatu yuko porini, wiki moja yuko kwangu. Miaka thelathini na minne tumekaa hivyo hatujawahi kupelekana kwa wazee. Akafa. Sasa mnataka niandike kwamba mume wangu kafa, na mimi nikajipaka wanja nikaenda sokoni?"

"Bi. Zamda, ni kwa ajili ya mashine. Hakuna atakayeisoma."

"Mimi nimeisoma. Ndugu zake Hemedi wako Kondoa, na hata wasingekuwepo, mimi nimeisoma." Akaiweka karatasi juu ya rafu, kwa upande wa maandishi chini. "Na huko kukaa kwenyewe, nani alikaa? Eda haikaliwi kitako, mwanangu! Nilikuwa siendi popote, sawa. Lakini nani alikuwa anafua? Nani anatwanga? Mama mkwe wangu amepooza, nani alikuwa anamgeuza na kumwogesha? Kitako nilikaa wakati wa kula, na siku nyingine nililia badala ya kula. Niliporudi huku ofisini ndipo nilipopumzika, mpaka mkanipandisha ngazi."

Nyamizi alitazama sakafu. "Ni mimi niliyeufundisha Mzani neno hilo," alisema.

"Wewe?"

"Mimi."

Bi. Zamda angemtukana ingekuwa afadhali.

"Basi ulimfundisha mtoto nusu ya neno," alisema, "halafu ukamkabidhi fimbo."

Akabeba majalada yake, akaondoka. Nyamizi alisikia hatua zake ngazini, mguu mzima kwanza, kisha ule mbovu ukiburutwa kuufuata, kidato baada ya kidato.

Ungedhani kwamba mtu aliyeambiwa maneno kama hayo angepanda moja kwa moja akalibadilishe neno. Hakupanda. Alirudi kwenye dawati lake, akainuliwa na punda kila dakika ishirini na tano, akazunguka korido pamoja na wenzake, akamwona Machibya akiruka vidato viwiliviwili kama kijana. Akawaza elfu themanini. Akawaza baba yake mbele ya meza kuu. Jioni akiamua hivi, asubuhi anaamua vile, na huku fulana ya chungwa ikipanda na kushuka. Siku ya tano Bi. Zamda alianza kuteremka kinyumenyume. Siku ya tisa alianguka ngazini, na Mzani ukamhesabia dakika nne za kuketi.

*

Siku ya kumi na moja Mkurugenzi aliitisha kisimamo cha watumishi wote kwenye ukumbi wa chini. Ubao mkubwa wa skrini ulikuwa ukutani, unaoandika kila linalosemwa na kulipima hapohapo. Arobaini na wawili wa ghorofa ya tatu walikuwepo, pamoja na wa ghorofa nyingine, wote wamesimama kwa nusu duara. Mkurugenzi peke yake alikuwa ameletewa kiti chake cha ngozi.

Bi. Zamda alisimamishwa mbele. Alikuwa amevua fulana na kuvaa baibui lake safi, kama mtu anayekwenda mahakamani.

"Mama yetu huyu tunampenda," alisema Mkurugenzi. "Kuna karatasi ya mstari mmoja. Akisaini leo, anarudi kwenye kiti chake. Asiposaini, daktari ameshaandika kwamba mwili wake hauwezi kazi, na tutamuaga kwa heshima. Uamuzi ni wake. Nyamizi Mihayo atashuhudia."

"Sisaini," alisema Bi. Zamda.

"Fikiria, mama."

"Nimefikiria tangu ngazi ya kwanza. Nilikaa eda ya mume wangu, na sitasema sikukaa. Kama ni kuniaga, niageni."

Kwenye ubao, mbele ya macho ya wote, Mzani uliandika: *Zamda Swalehe. Amekiri tena kukaa. Saa 3,120 zimethibitishwa.*

Nyamizi alihisi damu ikimpanda masikioni. Siku kumi na moja alikuwa akiitafuta hasira hii akipata hoja tu, na sasa ikamjia nzima, na sehemu yake kubwa ilikuwa ya kujikasirikia mwenyewe. Akapiga hatua mbele mpaka chini ya ubao.

"Mimi ni shahidi, nitashuhudia," alisema kwa sauti. "Mimi, Nyamizi Mihayo, nilijua kwamba mama huyu ameonewa. Nilijua, nikakaa kimya siku kumi na moja."

Ubao ukawaka. *Nyamizi Mihayo. Tendo: kukaa. Muda: siku 11 mfululizo. Saa 264. Daraja la Tatu.*

Mtu mmoja nyuma alicheka, kisha wa pili. Wa tatu hakucheka. Ungeweza kuona neno likiingia vichwani mwao, mtu mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akikumbuka barua yake.

"Ngoja kwanza," alisema Machibya. Akasogea mbele akiwa amekunja uso. "Mimi nimekaa Dodoma miaka kumi na minane."

*Machibya Lusato. Saa 157,680. Daraja la Nne: Mwili Uliolala.*

"Mwili uliolala!" Machibya alijipiga kifua. "Mimi huyu?"

"Ndiyo maana mwaka jana nilitembezwa!" alipayuka mwanamke wa dirisha la pili. "Niliandika nimekaa na mama yangu hospitali!"

"Na mimi Singida!"

"Nilikuwa msibani, jamani! Nilikaa matanga!"

Ubao ulishindwa kufuatana nao. Majina yalipanda, saa zikapanda, watu wakasukumana kuja mbele, na sauti ambazo kwa miaka sita zilikuwa zikinong'ona kwenye korido zikajaa ukumbi mpaka vioo vikatetemeka. Mkurugenzi akainuka kwa mara ya kwanza siku ile, akapiga meza kwa kiganja.

"Kaeni kimya!" alifoka. "Nasema kaeni kimya wote!"

Ubao ulizimika sekunde moja, ukawaka rangi ya kijani. Ile sauti tamu ya ngazini ikasikika.

"Amri ya Mkurugenzi imepokewa. Watumishi wote wakae. Muda haukutajwa."

Milango ya lifti ya mizigo ikafunguka. Punda wakaja kwa magurudumu yao, wa ghorofa ya pili, wa ya tatu, wa ya tano, wakaingia ukumbini kwa mstari, kila kiti kikamtafuta mtu wake na kumgonga nyuma ya magoti. Watu walianguka vitini mmoja mmoja, wengine wakicheka mpaka machozi, wengine wakilaani. Katika muda wa kumeza mate mara mbili ukumbi mzima ulikuwa umeketi, kwa mara ya kwanza tangu sheria ipite.

Mtu mmoja tu alibaki amesimama bila kiti, na alikuwa yule mwenye goti.

Nyamizi alijing'oa kwenye kiti chake, akakisukuma mpaka mbele. "Karibu, Bi. Zamda. Kaa."

Bi. Zamda alikitazama kiti. Mguu wake wa kulia ulikuwa unatetemeka chini ya baibui. "Siwezi kukaa kwa amri ya makosa," alisema. "Nimesimama siku thelathini nikiitwa mvivu. Lirekebisheni kwanza jina langu, ndipo nitakaa."

Nyamizi akakitoa kishikwambi mfukoni. "Fungua neno *kaa*," aliuambia Mzani.

"Nyamizi!" Mkurugenzi alikuwa amekwisha kuelewa. Uso wake ulikuwa umepauka. "Elfu themanini! Ukibonyeza hapo unawaua watu, unasikia? Watu watakufa vitini!"

Kwamba alikuwa na haki kidogo, Nyamizi alijua. Pengine mahali fulani, Mbeya au Lindi, kulikuwa na karani ambaye viti vile vilikuwa vikimweka hai bila yeye kujua, na binti yake yuko shuleni. Lakini alimwona baba yake pia, karani wa masjala, aliyeandika kila neno kwa wino na kulirudia likikosewa, na akajua baba huyo angemwambia nini binti yake kama angemkuta amejinusuru kwa uongo ulioandikwa kwenye jalada la mtu mwingine. Kuwafanya watu watembee ni jambo jema. Lakini aliyetembezwa ili amkane mumewe hakutembea kwa afya ya mtu yeyote.

Akaifuta kanuni ya Ijumaa. Jina lake likafutika pamoja nayo.

"Kanuni imeondolewa," ulisema Mzani. "Maneno yasiyo na maana kamili: moja. Kukaa eda. Toa maana."

Nyamizi alikuwa na maana yake tayari, nzuri, ya kikamusi. Hakuitoa. Akamsogezea Bi. Zamda kishikwambi.

"Sema mwenyewe, mama."

Bi. Zamda alikishika kwa mikono miwili. "Kukaa eda," alisema polepole, kama anayemsomea mtoto, "ni mke kumsitiri na kumheshimu mume wake aliyekufa, mpaka siku zake zitimie. Umesikia? Andika. Na uandike kwamba Zamda wa Hemedi alikaa."

Mzani ukaandika kwa herufi kubwa, kwenye ubao, mbele ya wote: *Zamda Swalehe alikaa eda. Saa za kuketi: sifuri.*

Chini yake ukaja mstari mwingine, *Taarifa imetumwa Barazani*, na taa ndogo za kijani chini ya viti zikaanza kuzimika, kuanzia mlangoni mpaka mbele. Punda wakawa viti.

Hakuna aliyeshangilia. Mkurugenzi alikuwa ametazama dirishani. Machibya alikiminyaminya kiti chake, akakuta hakina tena joto wala mtetemo, akajishika mkanda penye yale matundu matatu.

"Sasa na sukari yangu?" aliuliza, na hakuwa anatania. "Nani ataniinua?"

"Inuka mwenyewe, una miguu," alisema Bi. Zamda. "Kesho saa tatu na nusu shuka masjala. Nina majalada ya kupeleka juu, na mimi sipandi tena."

Akakigusa kiti cha Nyamizi kwa kiganja, kwanza mgongo, kisha kalio, kama anayepima uji wa mtoto. Kilikuwa baridi. Akakusanya baibui lake, akanyoosha mguu mbovu mbele, na pale katikati ya ukumbi, mbele ya Mwenyekiti wa Kamati ya Taifa ya Kusimama, akakaa.